Kombe la Ulaya Partizan ilikwishalichukua mara saba, majini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa jambo ambalo vijana wako wa dawati la michezo wataliona dogo. Wiki iliyopita, mkisimulia habari za klabu za Belgrade, Serbia, mliandika kwamba Partizan "haijawahi kuwa bingwa wa Ulaya", mkaikumbusha fainali ya Brussels ya Mei 11, 1966, waliyofungwa na Real Madrid 2–1. Fainali hiyo ilikuwepo, na kichapo hicho ni cha kweli. Lakini mwaka huohuo wa 1966 Partizan ilikuwa bingwa wa Ulaya. Nyeusi na nyeupe zilezile, klabu ya jumuiya ileile, ila wachezaji walivaa kofia zilizofungwa kidevuni na nguo ya kuogelea, basi.

Nazungumzia polo ya majini, mchezo wa kurusha mpira golini huku mnaogelea; Waserbia wenyewe huuita vaterpolo.

Sikuyasoma haya mahali. Nilifika Belgrade mwaka 1974 kusomea uhandisi, enzi hizo Serbia ikiwa ndani ya nchi ya Yugoslavia. Mwaka wa kwanza wote ulikwenda kwenye lugha, na malazi yetu yalikuwa Studentski Grad, ng'ambo ya mto Sava. Mwenzangu wa chumbani alikuwa mwenyeji, na kwa Partizan hakuwa mshabiki bali mgonjwa. Jumamosi moja ya baridi kali akanambia tunakwenda kwenye mechi. Mimi nikajua mpira. Nikavaa koti zito, soksi mbili mbili, na viatu vya kukanyagia theluji. Tukateremka Tašmajdan, katikati ya mji, palipokuwa machimbo ya mawe zamani za Waturuki, tukaingia kwenye jumba lenye joto la jikoni na harufu ya klorini. Miwani yangu ikaziba kwa mvuke papo hapo. Kipindi kizima cha kwanza nilikisikia tu: filimbi, maji yakipigwa, na mwenzangu akitukana.

Nilipopata kuona, niliona kipa mwenye kofia nyekundu akichomoka majini mpaka kiunoni kama aliyesukumwa kutoka chini. Hakuna aliyemsukuma. Ni miguu yake, inazunguka huko chini bila kupumzika, na sakafu ya bwawa haigusi. Goli lenyewe lina upana wa mita 3 na kimo cha sentimita 90. Kila upande una watu saba, kipa akiwemo. Anayekaa mbele ya goli la wapinzani, akipigwa viwiko na kuvutwa, humwita sidraš, kutokana na neno lao la nanga. Hilo jina nililipenda tangu siku ile. Ndivyo alivyo hasa: katia nanga pale, na beki mzima kampanda mgongoni. Mwamuzi anatembea ukingoni akiona vichwa na mikono. Yanayotendeka chini ya maji ni siri yao.

Mimi mtoto wa pwani, niliyejua kuogelea kabla sijajua kusoma, nikajigamba kwamba mchezo huu nauweza. Mwenzangu akanipeleka bwawani siku nyingine, akanirushia mpira. Sharti: ushike kwa mkono mmoja, usiguse chini. Nadhani nilidumu dakika mbili. Nilikunywa maji ya Belgrade ya kutosha, na sikurudia kujigamba mbele yake mpaka tunaagana 1979.

Sasa historia, maana ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Jumuiya ya michezo ya Partizan ilizaliwa Oktoba 1945, chini ya jeshi la Yugoslavia, na mwaka uliofuata ikaanzishwa timu ya polo ya majini. Mpira wa miguu ni mtoto mmoja wa nyumba hiyo, si nyumba yenyewe. Ulaya ilipoanzisha Kombe la Mabingwa la mchezo huu, bingwa wa kwanza kabisa, mwaka 1964, alikuwa Partizan. Wakalichukua tena 1966 na 1967, na tena 1971. Hicho kilikuwa kizazi cha Mirko Sandić na Zoran Janković, wakinolewa na kocha Vlaho Orlić. Wawili hao walikuwemo kwenye kikosi cha Yugoslavia kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki Mexico mwaka 1968, kwa kuwafunga Wasovieti 13–11 katika muda wa nyongeza.

La 1975 na la 1976 yalinikuta hukohuko. Nikauliza kwa ujinga wangu kama huwa wanashindwa. Mwenzangu akasema, "Ngoja." Tukangoja miaka 35.

Hapa ndipo naona mlipoteleza zaidi, kwa sababu hadithi nzito iko ndani ya hiyo miaka 35, na ingewafaa wasomaji kuliko orodha ya makombe. Haikuwa kwamba vipaji vilikauka. Igor Milanović wa Partizan alichukua dhahabu ya Olimpiki 1984 na nyingine 1988. Mwaka 1991 klabu ikanyakua Kombe la Washindi la Ulaya. Kisha nchi ikavunjika vipande, na mwezi Mei 1992 vikaja vikwazo vya Umoja wa Mataifa, michezo ikiwa ndani yake. Mabingwa watetezi wa Olimpiki wakaitazama Olimpiki ya Barcelona kwenye televisheni. (Wenzao wa mpira wa kikapu, Partizan hiyohiyo, walikuwa wametwaa ubingwa wa Ulaya Istanbul miezi michache kabla, kwa kikapu cha sekunde za mwisho, 71–70. Nao wakazuiwa kuutetea. Kwa hiyo hata kwenye kikapu mlikosea.)

Kombe la kwanza la mabingwa wa Ulaya kurudi Serbia halikurudi Belgrade. Mwaka 2000 lilikwenda Bečej, mji mdogo kando ya mto Tisza, jimbo la Vojvodina, wenye watu wasiofika 30,000. Mshambuliaji wao Aleksandar Šapić leo ni meya wa jiji la Belgrade. Mwenzangu alinuna mwaka mzima. Mimi nilifurahi kimyakimya, sikumwambia, na akisoma barua hii atajua.

Partizan ilirudi juu Juni 2011, Roma, kocha akiwa Milanović yuleyule. Usiku ule simu yangu ililia. Sauti ya kizee, tofauti kabisa na niliyoizoea bwenini, ikasema neno moja tu: "Sedma!" La saba. Akakata, nadhani kwa gharama ya simu.

Baada ya hapo mambo yamekwenda shaghalabaghala. Wachezaji wazuri walitawanyika, pesa ziliko Italia na kwingineko. Jirani zao Crvena zvezda walilichukua kombe 2013, Belgrade kwenyewe. Novi Beograd, timu ya upande uleule wa mto tuliokuwa tukiishi, ilifika fainali 2022 na 2023 na mara zote mbili ikaangushwa na Pro Recco ya Italia. Hapohapo timu ya taifa imechukua dhahabu ya Olimpiki mara tatu mfululizo: Rio, Tokyo na Paris. Mwaka 2016 fainali ya Ulaya kati ya Serbia na Montenegro ilijaza ukumbi wa Belgrade watu zaidi ya 18,000. Watu hao wote kuutazama mchezo ambao nusu yake hauonekani! Niulizeni mimi, nitawaelewesha.

Sidai kurasa. Sahihisho la mistari miwili linatosha: kwamba Partizan ya mpira wa miguu ndiyo iliyokosa, na Partizan ya majini ilipata 1964, 1966, 1967, 1971, 1975, 1976 na 2011. Mkikosa picha, ninayo moja ya 1976, tumesimama wawili nje ya lango la Tašmajdan. Mimi ndiye niliyevaa koti.

Mhandisi mstaafu, msomaji wenu wa siku nyingi