Haumwi popote, sipro ya nini?

Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wako wa Pasua hapa Moshi, naomba nafasi niseme hili la yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, maana limenikaa rohoni toka mwezi wa tatu.

Siku hizi ukiingia maabara ya mtaani, hata kama umechoka tu, hutoki bila kuambiwa una yutiai au taifodi, na hapo hapo unaandikiwa sipro, ile antibayotiki. Wifi yangu ndo yamemkuta. Alienda kucheki afya tu, hana homa, mkojo hauchomi, kiuno hakiumi, wakamwambia mkojo una bakteria akapewa dozi, akarudi wakasema bado wapo akapewa nyingine, ya tatu akajinunulia mwenyewe duka la dawa bila cheti. Haikupita muda akaugua kweli kweli, anatetemeka, ubavu unauma, tukamkimbiza hospitali wakaotesha mkojo, yaani wanakuza bakteria waone ni yupi na dawa gani inamuua, majibu yakatoka bakteria anaitwa E. koli, sipro imegoma, Septrin imegoma, amoksilini ndo kabisaa. Akalazwa siku sita anachomwa sindano.

Sisi kina mama tunaambiana yutiai inatoka kwenye vyoo vya kuchangia. Daktari akatuambia hapana, huyo mdudu katoka tumboni mwake mwenyewe. E. koli wanaishi kwenye utumbo wa kila mtu na wengi hawana neno, ila wapo wakali tena sugu, dawa haziwaui, sasa ukimeza antibayotiki wale wapole ndo wanakufa, wale sugu wanabaki na eneo lote wanazaliana. Mtu anatembea nao miezi na miezi, anapika, analea, haumwi popote, na wa nyumbani kwake wanaambukizwa kwa mikono tu, siku wakipanda kwenye njia ya mkojo au wakaingia kwenye damu ndo unajua ulikuwa nao. Nilidhani ni shida yetu sisi wa kununua vidonge vya kuhesabu, kumbe hata Seattle kule Marekani watafiti walipima wanawake zaidi ya 1,000 wasiokuwa na yutiai, karibu 9 kati ya kila 100 wakakutwa na E. koli sugu tumboni, na wadudu hao hao wakaonekana hata kwenye mkojo wa watu ambao hawaumwi chochote.

Hapo ndo nilipoishiwa nguvu Mhariri. Kumbe bakteria kuonekana kwenye mkojo wa mtu mzima wa afya siyo ugonjwa, daktari alisema hatibiwi mtu wa hivyo, isipokuwa mjamzito au anayeenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Ina maana zile dozi mbili za mwanzo wifi hakuzihitaji kabisa, na huenda ndizo zilizowafagilia njia wale sugu. Hela imeenda, na kitandani kalala.

Nawaomba wenye maabara muache kumpa mtu dozi kwa sababu ya karatasi tu wakati mwenyewe hana dalili, na mgonjwa mwenye dalili zinazojirudia muoteshee kabla ya kumbadilishia dawa. Kina mama wenzangu tuulize, mmeotesha? Na wewe Mhariri, tuma mwandishi apite maabara za Majengo, Mbuyuni na Kiboriloni, aulize nani anaotesha mkojo na kwa bei gani, halafu mtuandikie, maana sisi huku mtaani hatujui pa kwenda.

Mama wa watoto wawili, Pasua, Moshi