Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: N19 inawaficha wagonjwa wa figo

Mheshimiwa Waziri,

Kazi yangu ni kusoma mafaili ya wagonjwa walioruhusiwa na kuyapa magonjwa yao misimbo. Kutokana na misimbo hiyo ndipo ofisi yako hupata ripoti, na kwa ripoti hiyo ndipo hupangwa dawa, mashine na wataalamu. Leo naulalamikia msimbo N19.

Katika toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, N19 maana yake ni figo zimeshindwa kazi, basi. Hausemi kama ni kwa ghafla au ni ugonjwa sugu, wala umefika hatua gani. N18.9 ni afadhali kidogo tu: unasema ugonjwa ni sugu, hatua haijulikani.

Ilhali nafasi ya kueleza ipo, kuanzia N18.1 hadi N18.5. Mgonjwa ambaye figo zake huchuja mililita 30 hadi 59 kwa dakika yuko hatua ya 3. Huyu akidhibitiwa shinikizo la damu na sukari, na mkojo wake ukipimwa protini, anaweza kukaa miaka mingi bila kuhitaji mashine. Aliye chini ya 15 yuko hatua ya 5, na mazungumzo yake ni ya kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Wote wawili wakiandikwa N18.9, mezani kwako wanafika kama wagonjwa wa aina moja. Utamnunulia nani nini?

Linaloniumiza zaidi ni la N17, figo kufeli ghafla. Mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtoto aliyeharisha mpaka akaishiwa maji mwilini, figo zake zinaweza kupona kabisa. Ugonjwa hauitwi sugu mpaka udumu zaidi ya miezi 3. Watu hawa wakitumbukizwa kwenye N19, hatujui ni wangapi tungeweza kuwakinga kwa damu na maji ya mshipani yaliyowahi.

Tafadhali usitulaumu sisi wa kumbukumbu. Hata nikiona ndani ya faili majibu ya kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, sina ruhusa ya kutunga ugonjwa kutokana na namba ya maabara. Daktari akiandika "figo zimefeli", mkono wangu umefungwa.

Agiza maabara zitoe kreatinini pamoja na makadirio ya uchujaji wa figo. Agiza pia fomu ya kumruhusu mgonjwa isikamilike mpaka daktari ataje kama ni ghafla au sugu, hatua, na chanzo. Chanzo kikiandikwa, tutaweka E11.2 kwa kisukari cha aina ya 2 au I12 kwa shinikizo la damu, nawe utajua kinga ielekezwe wapi.

Wapo watakaokushauri usubiri toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 1, 2022. Nalo lina msimbo wa ugonjwa sugu wa figo usiotajwa hatua. Daktari asipoandika, tutaangukia hapo hapo.

Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu afya ya figo. Kabla hujasaini ripoti ijayo, naomba uulize kila hospitali ina N19 na N18.9 ngapi, na mafaili hayo yarudi kwa madaktari walioyaandika.

Wako mtiifu,
Afisa wa kumbukumbu za tiba