Mheshimiwa Waziri, tunapika bila kuonja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, Kampala.

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi wa maabara ya fizikia hapa Jinja. Nakuandikia kuomba mashine moja tu: ya kupima jinsi joto linavyopita ndani ya vitu vigumu.

Ukipasha moto upande mmoja wa kipande cha nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, na upande wa pili ukabaki baridi, unapata umeme. Thomas Seebeck aligundua athari hii mwaka 1821. Tatizo ni kwamba joto halitulii mahali pake. Hukimbilia upande wa baridi, pande zikalingana, umeme ukafa.

Joto hilo hubebwa zaidi na mitikisiko ya atomi, zikipokezana kama vibarua waliojipanga kupitishiana matofali. Mwingize katikati ya mstari mtu mzito mwenye mwendo wake, mdundo unavunjika. Atomi ngeni hufanya hivyohivyo. Silikoni safi hupitisha joto vizuri mno, lakini ikichanganywa na jemaniamu, upitishaji huo hushuka zaidi ya mara 10. Mchanganyiko huo ndio unaovipa umeme vyombo vya Voyager vya kuchunguza anga za mbali, vilivyorushwa mwaka 1977.

Sisi nasi tulitengeneza vipande vya aina hiyo kwa elementi za bismuthi na teluri, tukaweka elementi nyingine, antimoni, mahali pa sehemu ya bismuthi, kila kipande kwa kiasi chake, ili kuzuia joto. Hapo pana mtego: ukizidisha atomi ngeni, elektroni zinazobeba umeme nazo hutatizwa njiani, na umeme ndio tunaoutafuta. Lazima ujue pa kukomea. Volti na ukinzani tulipima wenyewe kwa mita za kawaida. Upitishaji joto ulitushinda. Tulituma vipande nje ya nchi, tukangoja miezi saba. Majibu yalipofika, mwanafunzi aliyevitengeneza alikuwa ameshamaliza masomo na kurudi kwao. Iliniuma sana.

Joto la kupotea tunalo tele, Mheshimiwa. Liko kwenye sigiri za makaa kila jioni, kwenye moshi wa viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira, kwenye chemchemi za Sempaya kule Bundibugyo. Vifaa vya sokoni hugeuza asilimia 5 hivi tu ya joto kuwa umeme. Ni kidogo, lakini kwenye sigiri chatosha kuzungusha feni ndogo ya kupulizia makaa na kuchaji simu ya mama anayepika.

Naomba mashine ya kupima kwa mwale wa leza iingizwe katika bajeti ijayo, iwekwe kwenye chuo kikuu cha umma, na maabara zote ziruhusiwe kuitumia. Wasomeshwe pia mafundi wawili wa kuitunza. Hili nalisisitiza, kwani nimeona mashine nzuri zikifunikwa kitambaa miaka kwa kukosa kipuri kidogo.

Vipande 12 vipya viko kabatini kwetu, kila kimoja na namba yake. Siku mashine ikifungwa, nitavileta mwenyewe.

Wako mtiifu,
Fundi wa maabara, Jinja