Mkishawahesabu popo wetu, turudishieni majibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo na watafiti wanaokuja kuchunguza popo wetu. Mimi ni fundi wa kupaua hapa Igoma, Mwanza. Tangu mwaka 2011, simu nyingi ninazopigiwa si za bati jipya, ni za popo. “Fundi, dari inanuka.” “Fundi, kuna kitu kinakwaruza juu ya kitanda.” Napanda ngazi, natoa ubao mmoja, namulika tochi, nakuta macho yananitazama.

Zamani sikuwa na maswali. Nilikuwa naziba matundu yote mchana, popo wamelala ndani, napokea hela yangu naondoka. Nyumba moja ya Mkolani ndiyo iliyonitia adabu. Wiki ya pili niliitwa tena, funza walikuwa wakidondoka kupitia tundu la taa hadi mezani watu wakila. Nilitoa mizoga ndoo nzima, mingine vitoto vilivyong’ang’ania mama zao. Hela nilirudisha. Kuanzia hapo nikanunua daftari: tarehe, mtaa, wanatokea upande gani, wangapi, wana watoto au hawana.

Sasa nina madaftari matatu. Popo ninaowakuta kwenye dari ni wadogo, sawa na panya wa ndani, kahawia iliyokolea, mkia umechomoza nje ya ngozi ya mabawa. Embe hawali, wanakula wadudu. Hutoka muda mfupi baada ya adhana ya magharibi, na kila siku kwa tundu lilelile, mara nyingi chini ya kofia ya bati, pembamba kiasi kwamba kidole gumba hakipiti. Kuna nyumba Nyegezi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na mtoto wa mwenye nyumba, mimi nahesabu, yeye anachora vijiti kwenye karatasi. Tulifika 214 giza likatushinda. Vitoto visivyo na manyoya nimevikuta zaidi kuanzia Novemba hadi Aprili, miezi ya mvua. Julai na Agosti karibu sijawahi.

Kwa hiyo kazi za popo nazipanga kiangazi. Natundika kipande cha wavu laini juu ya tundu, nakipigilia juu na pembeni, chini naacha wazi. Popo akitoka anateleza chini ya wavu anaruka. Akirudi analenga tundu lake, anakutana na wavu. Baada ya siku tano naziba kwa saruji. Tangu nianze njia hii sijaitwa kutoa mzoga hata mmoja. Kinyesi nakimwagia maji kwanza kisha nakizoa nimevaa barakoa na glavu, maana vumbi lake kavu hubeba ukungu unaoumiza mapafu. Na popo simshiki mkono mtupu. Akikung’ata, ni hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa.

Mwaka mmoja alinijia mwanafunzi wa chuo kikuu, binti mdogo tu, akihitaji mtu wa ngazi. Alikuwa na kidude kinachosikia sauti za popo ambazo sikio la binadamu halifikii na kuzigeuza kuwa mlio kama punje za mahindi kwenye kikaango. Nilimkodishia ngazi, yeye akanilipa na elimu. Aliniambia popo wakubwa wa matunda, wale wa rangi ya majani makavu, walipimwa kule Ghana wakakutwa wanaweza kubeba mbegu hadi kilomita 75, na kwamba ni miongoni mwa wanaosambaza mbegu za mvule. Mvule, Mhariri! Mti ambao sisi wa mbao tunaulilia kila tukiingia dukani kuuliza bei.

Lakini lililonikaa zaidi ni habari ya Kitaka, mgodi ulioko magharibi mwa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, wakapimwa popo wa matunda waliokuwa wakiishi humo, wakakutwa wenye virusi ni kama 5 katika kila 100. Watu wakaamua kuwaangamiza wote. Popo wengine wakaja kuishi pale, wachache kuliko wa kwanza, na mwaka 2012 Marburg ikazuka tena eneo hilohilo. Walipopimwa safari hii, wenye virusi walikuwa 13 katika 100. Huenda kuua kuliongeza hatari badala ya kuipunguza.

Habari hiyo ningetamani kila mtu awe anaijua Machi 2023, Marburg ilipotangazwa jirani zetu Kagera, na tena Januari 2025. Simu zilikuwa mfululizo. Mmoja alitaka nichome pilipili darini, mwingine alikuwa ameshanunua sumu. Nilibaki kueleza mlango hadi mlango kwamba popo wa Kitaka ni wa mapangoni na migodini, si hawa wa kwenye kenchi wanaokula wadudu. Wachache walinisikiliza. Wengine walisema, wewe fundi bati umeyajulia wapi?

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Binti yule alirudi na karatasi zake, akanisomea kwa Kiswahili, tumekaa chini ya mwembe. Kabla yake lilikuja kundi lingine la watafiti, sitalitaja, likanitumia siku nne, likapiga picha kurasa zote za daftari langu la kwanza, likaahidi majibu. Huu mwaka wa sita nasubiri. Mwenyekiti wetu wa mtaa naye bado ananiuliza walipata nini, kana kwamba nimeyaficha.

Nawaomba watafiti: mkimaliza, leteni hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, tuubandike ofisi ya mtaa karibu na tangazo la mgao wa maji, ambalo kila mtu analisoma. Nawe Mhariri, ukitupa kona ndogo hata mara moja kwa mwezi, mafundi, wavuvi wa dagaa wanaokesha ziwani na walinzi wa usiku tutaijaza. Tunaona mengi watu wakiwa wamelala.

Madaftari yangu nayatoa bure kwa atakayerudi. La kwanza lina doa la mafuta ya taa ukurasa wa Kirumba, lakini namba zinasomeka.

Fundi Mapaa,
Igoma, Mwanza