Barua kwa Mwanaidi: Lesi ya Calais

Lille, Jumapili

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniuliza wale wazee wa Kiingereza uliowasikia redioni, waliohamia Ufaransa na sasa wanahangaikia vibali, walifuata nini huku. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali, maana jibu lenyewe linapitia kwenye kitambaa unachokishona kila msimu wa harusi.

Uko mji pwani ya huku kaskazini unaitwa Calais. Uingereza iko ng'ambo tu. Siku ya jua kali unaiona kwa macho. Mwaka 1347 Mfalme Edward III aliuteka baada ya kuuzingira hadi watu wakaishiwa chakula, akawatoa wenyeji wengi na kuwaweka watu wake. Wafaransa waliurudisha mwaka 1558. Hao Waingereza wa Edward mimi siwahesabu. Mtu aliyekuja na jeshi hakuja kuishi na jirani.

Ninaowapenda ni wale waliokuja kuanzia mwaka 1816. Wakati huo Nottingham, mji wa Uingereza, ndiko lesi ya mashine ilikokuwa imeshamiri. Sheria ya Uingereza ilikataza mashine hizo zisitoke nje, na Ufaransa nayo ikakataza lesi ya Kiingereza isiingie, ilhali wanawake wa Kifaransa wanaitaka. Basi mafundi wakazifungua mashine vipande vipande, wakazivusha bahari kwa magendo, wakaziunga upya Saint-Pierre, kitongoji kilichokuwa nje ya kuta za Calais. Wake na watoto wakafuata. Wengine wakazaa huko huko, na kazi ikapita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Nilipoingia kwenye makumbusho ya lesi, yaliyo ndani ya kiwanda cha zamani, wewe ndiye niliyekuwa nikikuwaza. Mtambo ni mkubwa kuliko chumba chako cha kushonea, mweusi, na unapowashwa sakafu inatetemeka. Nyuzi zinapanda kwa maelfu, na katikati yake vibati vya shaba vyembamba sana, kila kimoja kimebeba uzi wake, vinapita mbele na nyuma na kuzisokota. Pembeni kuna kadi zenye matundu zinazoamua ua litoke wapi. Juu, polepole mno, inatoka lesi. Ungesimama pale hadi walinzi wakufukuze!

Mwaka huo huo wa 1816 alikimbilia Calais George Brummell, yule mtanashati wa London, akikwepa madeni. Leo ana sanamu London. Mafundi wa lesi hawana, na hilo linaniuma, kwa sababu wao ndio walioacha kitu ambacho mji mzima ulikula kwacho kwa vizazi.

Kisha ukaja mwaka 1848. Mapinduzi yakazuka Paris, biashara ikasimama, viwanda vikafungwa. Waingereza wale wakajikuta hawana mshahara katika nchi ambayo wageni walikuwa wanaanza kutazamwa vibaya, na Nottingham nako hakukuwa na kazi ya kuwarudisha. Wakaiandikia serikali yao wakiomba wasaidiwe kwenda Australia. Mamia yao walisafiri mwaka huo kwa meli tatu, Fairlie, Harpley na Agincourt, wakashukia Sydney na Adelaide. Hebu fikiria mtoto aliyezaliwa Calais, wazazi wake wa Nottingham, anaambiwa kwao sasa ni huko mwisho wa dunia. Vizazi vyao Australia hadi leo vina chama cha kutunza habari za mababu hao.

Wenye nafasi walikuja kwa sababu nyingine. Huko Nice, mji wa pwani ya kusini, walifuata jua la kuponya kifua, na ile barabara maarufu ya ufukweni iliyoanzishwa kwa michango yao katika miaka ya 1820, ikiwapa maskini wa mji kazi, inaitwa mpaka sasa kwa jina la Waingereza.

Wazee wa redioni wengi wako sehemu kama Dordogne, kusini-magharibi. Walinunua nyumba za mawe za mashambani zilizokuwa zimeachwa, wakazikarabati, wakawa wateja wa mkate na duka la kijiji. Baadhi walichaguliwa hata kuwa madiwani. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, haki ya kupiga kura na kugombea kijijini ikawatoka. Waliokwisha kuhamia kabla ya mwaka huo kuisha waliweza kuomba kibali cha kuishi. Mwenye nyumba tu ya kuja kupumzika, bila viza, hukaa siku 90 katika kila siku 180.

Kwa hiyo walifuata nini? Kazi, afya, nyumba ya bei nafuu, wengine kukimbia deni. Ni yale yale yaliyonitoa mimi Mombasa na kumpeleka kaka yako Muscat. Nami nawaonea huruma kwa dhati, maana foleni ya vibali naijua, na mzee wa miaka themanini hastahili kuulizwa upya yeye ni nani na jirani zake wote wanamjua.

Mwambie mama nitapiga simu Ijumaa. Na uniandikie urefu wa mikono ya lile gauni la bibi harusi, nikutafutie lesi ya kutosha.

Wako,
Zuhura