Risala ya Wanachama wa Klabu ya Orientiringi kwa Mgeni Rasmi, Katika Uzinduzi wa Matangazo ya Ufunguzi wa Msimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa klabu,
Walimu, wazazi na wanamichezo wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo, tunapozindua matangazo ya siku ya kufungua msimu wetu wa orientiringi, yaani mbio za ramani na dira. Siku hiyo ndiyo mlango wa msimu mzima, kwa kuwa mgeni anayeifurahia hurudi mara ya pili akiwa na ndugu au jirani, na asiyepata habari zake hubaki nyumbani bila kujua alichokikosa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, misimu iliyopita matangazo yetu yaliandikwa neno "mashindano" kwa herufi kubwa, yakapambwa kwa picha za wakimbiaji hodari, na waliojitokeza wakawa karibu wote ni wale wale tunaofahamiana. Tulipowauliza wengine kwa nini hawakuja, wengi walijibu kwamba wao si wakimbiaji, na baadhi wakakiri kwamba wanaogopa kupotea porini. Kosa lilikuwa letu, na ndilo tunalotaka kulirekebisha msimu huu.

Katika mchezo huu mshiriki hupewa ramani yenye pembetatu mahali pa kuanzia, duara kwenye kila kituo, na duara mbili, moja ndani ya nyingine, mahali pa kumalizia. Kila kituo kina bendera ya rangi ya chungwa na nyeupe. Kwa kawaida vituo hupitiwa kwa mfuatano uliopangwa, lakini njia ya kutoka kituo kimoja hadi kingine mshiriki hujichagulia mwenyewe, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Mmoja atapanda kilima moja kwa moja, mwingine atazunguka kwa kijia kilicho kirefu zaidi, na huyu aliyezunguka anaweza kabisa kutangulia kufika, kwa sababu aliisoma mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko ya ardhi, kabla ya kuinua mguu. Katika ramani ya kipimo cha 1:10,000, sentimita 1 ni mita 100 ardhini. Kahawia huonyesha miinuko, buluu ni maji, kijani ni uoto unaomchelewesha mtu, na nyeupe, jambo linalowashangaza wageni wengi, ni msitu unaopitika kwa urahisi. Mtoto aliyezielewa rangi hizo anaweza kumtangulia mtu mzima anayemzidi kasi, nasi tunaona fahari kubwa kila tunaposhuhudia hivyo.

Mchezo wenyewe ulianza na watu wachache. Mashindano ya kwanza yaliyofunguliwa kwa raia yalifanyika karibu na Oslo, nchini Norwei, tarehe 31 Oktoba 1897, yakiwa na washiriki 8 tu. Mwaka 1919 Meja Ernst Killander wa Uswidi, aliyekuwa akisikitishwa na vijana kupoteza hamu ya riadha, aliandaa mashindano karibu na Stockholm yaliyovuta washiriki zaidi ya 200. Aliwatoa uwanjani akawapeleka msituni, wakiwa na ramani na dira mkononi.

Kwa hiyo tangazo la msimu huu linamwambia msomaji kwamba anaweza kutembea. Linaeleza kwamba njia ya wanaoanza hufuata vijia, na vituo vyake vipo mahali panapoonekana, kama vile njia panda. Kwamba familia inaweza kwenda pamoja na ramani moja. Na kwamba washiriki huondoka kwa kupishana dakika kadhaa, hivyo hakuna atakayeachwa nyuma na kundi. Kuhusu hofu ya kupotea, kila mshiriki atabeba filimbi, na atafundishwa kwamba milio 6 ndani ya dakika moja ni wito wa kuomba msaada. Pia ni lazima kila mtu aripoti mahali pa kumalizia, hata aliyekatisha safari, kwani orodha ya walioondoka hulinganishwa na ya waliorudi, na asiyeonekana hutafutwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa kwako ni sauti yako. Tangazo la karatasi humfikia anayelisoma, lakini neno lako katika mikutano na shuleni litamfikia hata yule aliyekwisha kujiambia kwamba mchezo huu haumhusu. Tunaomba pia utusaidie kuzungumza na wenye ardhi tunamopita, ambao ridhaa yao ndiyo inayotuwezesha kuihakiki ramani kila vijia na vichaka vinapobadilika. Dira tulizonazo ni chache, nasi tutapokea kwa shukrani yoyote itakayopatikana.

Sasa tunakuomba kwa heshima uyazindue matangazo yetu, kisha, ukiridhia, uwe mtu wa kwanza kujiandikisha katika njia ya wanaoanza.

Tunaomba kuwasilisha.