Karabai ya marehemu mzee usiiuze

Kikwajuni, Unguja

Shoga yangu Mwanakhamis,

Assalaam alaykum. Nimesikia mnafungua ghala ya marehemu mzee huko Wete, Pemba. Nakuandikia mbio mbio kwa jambo moja: karabai, zile taa za pampu, na kandili zilizomo humo usimpe mnunuzi wa chuma chakavu. Zile ni mali ya makumbusho, hata kama makumbusho yenyewe bado hayajapata mlango.

Usinicheke. Tupo walimu wachache na mafundi umeme wastaafu, tunataka kiwepo japo chumba kimoja cha historia ya taa na umeme visiwani kwetu. Wenzangu wanasema kianze na Beit al-Ajaib. Hoja wanayo: jumba lile alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 ni miongoni mwa majengo ya mwanzo Afrika Mashariki kuwaka taa za umeme, na lifti lilikuwa nayo. Mimi nabisha. Taa za jumba zilimulika baraza za wakubwa, na sisi huku Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na nyinyi mashamba, tulisoma kwa koroboi. Chumba kianze na koroboi! Kopo la maziwa, kifuniko chenye kijibomba cha bati, utambi wa kitambaa kikuukuu, mafuta ya taa, basi. Mafundi bati waliotengeneza vitu vile hakuna aliyewaandika popote, na moshi wake tuliuvuta sisi mpaka asubuhi tukipenga kamasi inatoka nyeusi.

Kandili ilikuwa heshima ya nyumba yenye nafasi. Unakumbuka nani alisafisha chemni, kile kioo chake? Watoto wa kike, kila alasiri, kwa sababu mikono yetu ndiyo iliyoingia. Na ikivunjika, kipigo chetu.

Lakini ninayoililia hasa ni karabai ya mzee. Vijana wa leo nawaeleza hawaniamini. Unawasha spiriti kidogo chini ya bomba lipate moto, unapampu, mafuta yanapanda yakiwa mvuke, yanawakia ndani ya kile kijifuko cheupe. Kijifuko chenyewe kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach, mtu wa Austria, miaka ya 1880, na baadaye akakiboresha: kitambaa kilicholowekwa chumvi za thoriamu na seriamu. Ukikiwasha mara ya kwanza kitambaa chote kinaungua, kinabaki jivu lililoshikamana, na jivu hilo ndilo linalong'ara. Ndiyo maana tulikatazwa kuligusa. Kidole kimoja tu, harusi nzima ingebaki gizani. Maulidi yalisomwa kwa karabai, na wavuvi wa dagaa walitoka nazo kipindi cha giza la mwezi, maana mbaamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa. Sasa wanatumia taa za LED na betri. Sawa, hazipigi kelele wala hazinuki, lakini ile sauti ya karabai, shiii, nataka isikike ndani ya chumba chetu, si ikae kabatini na kikaratasi.

Umeme wenyewe nao una hadithi yake, na humu Unguja tunajitia hatuna kumbukumbu. Waya wa chini ya bahari kutoka bara ulilazwa mwaka 1980, unapandia Fumba. Mwaka 2008 ulipotokea ubovu tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukarudia, na mara hii mpaka Machi. Maji yakakatika kwa kuwa pampu zilisimama, mji mzima ukanguruma jenereta, na kandili zilizotupwa uvunguni zikatafutwa kama dhahabu. Nyinyi Pemba mlikuwa na mashine zenu za dizeli za Wesha, wala hamkuguswa. Ulinipigia simu ukinicheka, sijasahau. Waya wenu kutoka Tanga ulikuja 2010, na sisi tukaongezewa mwengine mkubwa 2013. Wa zamani ulibeba megawati 45, huu 100. Ningependa kipatikane kipande cha waya wa namna hiyo, kikatwe, watoto waone shaba na matabaka yake, wajue kinachowapa nuru wanapotia uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla.

Basi fanya hivi. Zitoe ghalani, uzifute vumbi kwa kitambaa kikavu, usizisugue kwa mchanga ukatoa maandishi ya kiwandani. Muulize ami yako nani alizinunua, wapi, na zilikwenda harusi za nani. Mrekodi kwa simu anavyoeleza, usimkatize. Na kama jirani yenu aliyefanya kazi Wesha bado ana nguvu, mwambie nitakuja kumsikiliza, inshaallah skuli zikifungwa. Kuhusu mahali, mimi napendelea Chake Chake, kwenye makumbusho ya ngomeni, watupe kipembe. Wenzangu wanataka Mjini. Tutagombana bado.

Nisalimie bi mkubwa na watoto wote. Na hizo kandili usizilete kwa boti peke yake, mpe mtu unayemuamini azipakate.

Shoga yako,
Zuwena